Wageni wa Memsahib Wasiotaka Joto

Jumatatu, 5 Februari 1951
Memsahib ameenda Nairobi hadi Jumapili. Ameniachia mimi, Phineas Murunga, boi wake wa nyumba, wanyama wanne kutoka Meksiko wanaoitwa aksolotli. Mwili wa samaki, miguu minne, manyoya shingoni. Wanatabasamu bila sababu. Maji yao yawe baridi siku zote, wakipata joto wanakufa. Nikimkabidhi wote wakiwa hai, ataniandikia barua kwa mkubwa wa stesheni ya Eldoret, niwe karani wa tikiti. Akifa hata mmoja, nitapiga pasi suruali za Bwana mpaka nizeeke.

Mzee Kipkemboi, mkamuaji wa ng'ombe, amesema niteke maji ya kijito kila asubuhi, basi. Nimemjibu kwamba nimefika darasa la sita. Sikusoma ili nibebe debe.

Jumanne, 6 Februari
Nimewaweka kwenye friji ya mafuta ya taa, ndani ya bakuli la saladi. Kazi imekwisha. Saa sita Khisa mpishi akafungua atoe siagi. Nyuso nne zikamtabasamia. Akaangusha pudini ya Bwana, akasema Bwana achague, yeye au mijusi. Bwana amechagua chakula.

Jumatano, 7 Februari
Gunia bichi juu ya beseni, kivulini. Maji yakapoa vizuri. Nikaenda kujifunza kufunga tai, maana karani bila tai ni nani? Kurudi, gunia limekauka, kivuli kimehama. Mmoja amekunja mkia, manyoya yote yameelekea mbele. Niliogopa kweli. Nimemwombea kwa Mungu, jambo ambalo sijawahi kuwafanyia shemeji zangu.

Alhamisi, 8 Februari
Stoo ya krimu! Kuta za makaa, maji yanatiririka juu yake mchana kutwa, ndani unatetemeka. Nimewatia pamoja na maji yao kwenye mkebe mtupu wa krimu, mfuniko nikauegesha tu. Kipkemboi sijamwambia. Ataanza tena habari za kijito.

Ijumaa, 9 Februari
Mkebe haupo. Krimu hupelekwa kiwandani mjini kila Ijumaa, na hilo nalijua tangu niajiriwe. Kipkemboi alipakia mikebe yote kwenye mkokoteni wa maksai alfajiri. Nimeendesha baiskeli maili saba, vumbi mdomoni. Nilimkuta Walubengo, mwonjaji wa kiwanda, kijiko mkononi, mfuniko wazi. Alisema ameonja krimu miaka kumi na miwili, chachu na iliyooza, lakini inayomwangalia hajapata kuiona. Ameiandika daraja la tatu. Nimerudi nao wote wanne, wazima, mkebe umefungwa nyuma ya baiskeli. Kipkemboi aliutazama, akaenda kuchukua debe.

Jumamosi, 10 Februari
Kipkemboi kaleta maji ya kijito kabla sijaamka. Mchana kaleta mengine. Manyoya yamesimama, mikia imenyooka, minyoo wanaila yote bila kubakiza. Nikamuuliza siri ni nini. Kasema, "Karani, ni maji tu." Mzee huyu ananichosha.

Jumapili, 11 Februari
Memsahib amerudi. Amewahesabu, wako wanne, machozi yakamlenga kwa furaha. Akauliza nani amewatunza hivi. Kipkemboi alikuwa amesimama pale pale na debe lake. Nikawahi kusema ni mimi peke yangu, kwa mbinu zangu za kisayansi.

Akasema basi, mtu wa namna hiyo hawezi kumwacha akakate tikiti. Angekuwa ni mwingine aliyewatunza, angeniachilia leo leo. Sasa ataagiza kumi na wawili zaidi. Kipkemboi alicheka mpaka akamwaga maji.

Barua ya stesheni imeandikwa hata hivyo, niipeleke mwenyewe kesho. Nimeifungua kwa mvuke wa birika. Inasema Murunga hapatikani kwa kazi ya tikiti, anahitajika hapa nyumbani. Tangu saa kumi niko mezani na kalamu, naiga mwandiko wa Memsahib kwenye karatasi mpya. Sahihi imekubali kabisa. Sasa niko kwenye sifa zangu, na ukurasa mmoja hautoshi.