Kibano cha Chapuchapu

Deodatus alikuwa anapuliza chai katika mgahawa mmoja wa Kayanga aliposikia mtu wa meza ya nyuma akitamka maneno "darubini ya Mjerumani". Masikio yake yakasimama kama ya sungura.

Hakugeuka. Wanaogeuka ni wanafunzi. Yeye aliendelea kupuliza chai iliyokwisha kupoa tangu zamani, akasikiliza kwa mgongo.

Msemaji alikuwa mzee mwenye kofia ya pama na buti za mpira, na alilalamika kwa sauti ya mtu anayedhani mgahawa mzima ni kikao cha ukoo wake.

"Nguruwe pori wamenimaliza, waitu! Bunduki ninayo, kibali ninacho, na juu yake nina darubini ya Mjerumani. Aliniachia padre mmoja mpenda kuwinda alipokuwa anarudi kwao. Nguruwe akiwa kule bondeni, namhesabu hadi kope. Lakini akinitokea migombani, hatua tano, naona nywele tupu! Sijui ni nguruwe au ni shemeji yangu."

"Si uitoe hiyo darubini?" akauliza mwenzake.

"Imefungwa kwa skrubu nne. Nimwambie nguruwe asubiri nitafute bisibisi? Nasikia siku hizi kuna vibano vya chapuchapu. Unafinya kidole, darubini hiyo mkononi. Unairudisha, inakaa palepale. Nikimpata mwenye kuuza vibano hivyo, sitabishana bei."

Mtu mwema angemwonea mzee huruma. Deodatus alimwona kama kuku aliyeingia jikoni mwenyewe, tena amebeba kitunguu. Huyu ndiye Deodatus aliyewahi kuwauzia walimu wa Muleba chaja za simu zinazotumia mbalamwezi, akaondoka kabla mwezi haujaandama. Aliishi kwa kanuni moja: usimwibie mtu, msaidie akupe mwenyewe. Bunduki hakuwa ameishika tangu azaliwe, na alikusudia kufa hivyo hivyo. Ila alijua kwamba Songambele, upande wa Kyerwa, kulikuwa na fundi mmoja anayenunua vyuma vya bunduki bila maswali mengi. Vibano vingekuwa chambo tu. Samaki ni darubini.

Akasimama, akanyoosha shati lake jeupe.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa kuingilia mazungumzo. Mimi ni wakala wa vibano."

"Marahaba. Vibano vya nguo?"

"Vya darubini, mzee wangu. Kanda ya Ziwa nzima tuko wawili, na mwenzangu amelazwa."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Jina lake Projestus, akasema, na kwake ni Nyabiyonza.

Siku mbili baadaye Deodatus alipanda kilima cha Nyabiyonza kwa pikipiki yake nyekundu. Pikipiki hiyo ndiyo mali pekee aliyoipata kwa njia ya halali, jambo lililomtia aibu kidogo mbele ya wenzake. Mkobani alikuwa na vibano vitatu vya kukazia kiti cha baiskeli, vile vyenye mkono wa kufyatua. Kimoja alikipaka rangi nyeusi akakiita Nyati. Cha pili alikipaka kijani akakiita Chui. Cha tatu rangi ilimwishia, akakiacha kinang'aa na kukiita Duma.

Kibanja cha mzee kilikuwa kikubwa, migomba na mibuni hadi bondeni. Magugu yalifika magotini, lakini Deodatus hakuja kukagua kilimo. Mke wa mzee, Mama Verdiana, alimletea ndizi za maharage na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi. Kisha mzee akatoa kitu kilichoviringishwa kwa kanga mbili na kitambaa cha altare.

Ilikuwa darubini nyeusi, nzito. Deodatus akaitia jichoni.

"Ina ukungu kidogo, mzee."

"Ukungu ni wako. Hujazoea Kijerumani."

"Na bunduki yenyewe?"

"Bunduki ina kibali cha kuwinda, haina kibali cha maonyesho," akajibu mzee, akavaa miwani. "Haya, tuchague."

Hapo ndipo Deodatus alipoanza kutokwa jasho, maana mzee alijua kuuliza. Kibano kina kimo gani? Kikiwa kirefu mno shavu halitafika kwenye kitako cha bunduki, na kikiwa kifupi darubini itasugua mtutu. Mkono wa kufyatulia uko kushoto au kulia? Usije ukanasa kwenye majani ya migomba!

"Na kubwa kuliko yote," akasema mzee, akainua kidole kama mhubiri. "Nikiitoa darubini nikairudisha, risasi itaenda palepale ilipokuwa inaenda?"

"Mzee, vibano hivi vina kumbukumbu."

"Vina kumbukumbu?"

"Kama tembo."

Mzee Projestus akatafakari. "Bunduki ikilia hupiga teke. Kibano kibovu hulegea kwa teke la kumi. Risasi nazo zina bei, siwezi kuzimaliza kwa majaribio. Sasa, nini kingine hupiga teke kama bunduki?"

"Punda?" akasema Deodatus.

"Jembe."

Mama Verdiana tayari alikuwa ameshika majembe matatu.

"Tutafunga kila kibano kwenye mpini wa jembe," mzee akaeleza. "Utalima. Kitakacholegea hakifai. Mimi ningelima mwenyewe, lakini mteja akijipimia mali, kesho atasemaje amedanganywa?"

Deodatus aliwahi kukutana na hoja nyingi maishani, na karibu zote alizitunga yeye. Hii ilimzidi kimo. Isitoshe, ile darubini ilikuwa mezani, na kichwani mwake ilikuwa imekwisha kuwa pikipiki tatu mpya. Akavua shati jeupe, akashika Nyati.

Siku ya kwanza alilima na Nyati kutoka jikoni hadi kwenye mparachichi. Nyati hakulegea. Deodatus ndiye aliyelegea.

"Ajabu!" mzee akapiga makofi. "Kesho Chui."

Chui akapewa upande wa mibuni, ambako ardhi ni ngumu, "ili tuwe wa haki". Siku ya tatu Duma akateremka bondeni. Jirani mmoja, Mama Adelgunda, alisimama kwenye mpaka akamtazama kwa muda mrefu.

"Mchumba wa binti yako?" akamuuliza mzee.

"Mtaalamu wa bunduki," akajibu mzee.

"Analima vizuri kwa mtaalamu."

Deodatus akameza hilo pia. Alijifariji kwamba kila jasho lake lilikuwa linamvuta mzee ndani ya wavu. Na kweli, jioni jua lilipokuwa linaelemea kilima, magugu yote chini, mzee akatamka hukumu yake: Chui. Mama Verdiana alimpendelea Duma kwa sababu anang'aa, lakini akashindwa kwa kura moja.

"Umechagua kiume, mzee," akasema Deodatus. Sasa akatega. "Imebaki kitu kidogo. Pete ya Chui lazima ichongwe ilingane na kiuno cha darubini, na mashine iko Omurushaka. Nipe darubini, kesho saa nne niko hapa."

"Chukua," akasema mzee.

Deodatus akaidaka upesi. Alikuwa ameandaa hotuba ya nusu saa.

"Ila hii ni kumbukumbu ya padre. Acha pikipiki kama dhamana. Na tuandikishane, mimi mzee, nasahau."

Mama Verdiana akaleta daftari. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kwa bahati njema alikuwa anapita pale akiwa na mhuri mfukoni, akashuhudia. Waliandika kwamba Deodatus amepokea darubini moja, na kwamba asipoirudisha ikiwa nzima kama alivyoipokea ifikapo kesho saa kumi jioni, pikipiki nyekundu ni mali halali ya Projestus. Deodatus akapiga hesabu ya haraka, pikipiki moja kwa tatu, akasaini kwa madaha, na kadi ya pikipiki akaikabidhi. Aliteremka kilima kwa miguu akipiga mluzi.

Asubuhi bodaboda ikamfikisha Songambele. Fundi Cleophace alikuwa uani anachomelea geti. Deodatus akafunua kanga taratibu kama mtu anayemfunua mtoto mchanga.

"Ya Mjerumani. Sema bei."

Cleophace hakuitia jichoni. Aliipima mkononi, akaibana kwenye jiliwa, akachukua koleo akaizungusha. Ikalia *kra!* na kukatika. Zikadondoka duara mbili za kioo na misumari miwili iliyofungwa msalaba kwa waya.

"Umefanya nini!" Deodatus akapiga yowe.

"Nachukua vioo vyangu. Chupa zenye vitako vinene namna hii hazipatikani siku hizi." Akavifuta kwa aproni. "Mzee Projestus hajambo? Mama Verdiana mguu umepona?"

Deodatus akakalia ndoo.

"Unamfahamu?"

"Hili bomba la maji nimelikata mimi. Kila magugu yakikaribia kumshinda, ananiagiza moja. Mwaka jana alikuja wakala wa lenzi, alipalilia kibanja chote. Kabla yake mmoja alijiita mhandisi wa mitutu. Huyo alichimba choo."

"Na bunduki?"

"Bunduki gani? Yule hata manati hana."

"Iunganishe, fundi. Tafadhali! Lazima iwe nzima kabla ya saa kumi."

"Bomba likishakatika hivi halishikani. Niko tayari kutengeneza jingine, lakini kwanza nimpigie simu mwenye oda. Ndiye mteja wangu wa siku zote."

Deodatus akatazama viganja vyake. Malengelenge yalikuwa yamejipanga kama mbegu za papai. Katika miaka kumi na tano ya kazi hakuwa amewahi kulitamka neno lililomjia sasa mdomoni. Likamtoka kwa taabu, kama jino.

"Nimetapeliwa."

Cleophace akashusha kioo cha kuchomelea usoni, akarudi kwenye geti lake.

"Hujatapeliwa, ndugu yangu," akasema. "Umesaini."