Suruali Imegoma

Jumatatu, tarehe 4
Nimevuta pumzi mpaka macho yanataka kutoka. Wapi! Kifungo huku, tundu kule. Mama kasimama kando ya kitanda kashika koti la suti, hanitazami. Dada anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mama akasema suti isipoingia nibaki tu humu wodini. Watu washasema vya kutosha kuhusu wazimu wangu, wasije wakaongezea na kitambi. Suti kaniachia. Nimelia chooni. Kidogo.

Jumanne, tarehe 5
Sista, nesi wetu, ana kikundi cha mazoezi. Asubuhi tunazunguka ukuta wa hospitali, yeye mbele na filimbi. Soda basi, sigara basi, mkate nusu. Nimejiunga! Kipara wa kitanda cha jirani naye yumo. Anajificha nyuma ya jiko, anavuta sigara yake, tukirudi anajichomeka katikati anahema kuliko wote. Sista akampigia makofi. Mimi, hata kofi moja. Roho imeniuma.

Alhamisi, tarehe 7
Nimechunguza. Sisi tunaomeza kidonge cha jioni wote tunavimba. Mlinzi wa getini hamezi, mwembamba kama ufito. Kumbe! Kidonge ndicho kinaleta njaa. Leo nimekibana chini ya ulimi, Sista nikamwachamia mdomo, kikaishia chooni. Kipara kaniona. Akasema, bwana mdogo, wewe endelea tu, utarudi kupiga soga na dari. Nimempa mkate wangu anyamaze. Yeye kimya, mimi nakonda. Akili hizo!

Jumanne, tarehe 12
Usingizi sina, njaa sina. Raha tupu! Sista kanipima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, akawaita wenzangu waje waone mfano wa kuigwa. Mimi! Kipara kanuna. Halafu jamaa wa darini wamerudi, wale wale walionifanya niletwe hapa. Wamenipongeza kwa kiuno. Safari hii wana adabu.

Ijumaa, tarehe 15
Suruali imefunga! Mpaka inapwaya! Ila jamaa wamebadilika. Wanasema shemeji mtarajiwa atamtilia dada sumu. Nikavaa suti, mbio getini nikamwonye. Mlinzi kanidaka. Nikamng'ata. Sista kaja peku, akanishika kichwa wakati wananichoma sindano. Alikuwa analia. Kipara kamwambia yote. Na mkate wangu alishakula!

Jumapili, tarehe 17
Harusi imepita. Mama hajaja. Koti limechanika begani. Sista kakaa kitandani kwangu, akasema kosa ni lake, alitazama kiuno akasahau kunitazama usoni. Akasema kweli dawa ile inaleta njaa, sikukosea, ila ningemwambia tu, daktari angetafuta nyingine. Nisifiche tena, maana kila nikianguka kuinuka kunakuwa kugumu zaidi. Nikaitika ndiyo Sista, ndiyo Sista. Mtu mwema sana.

Lakini kasema sikukosea! Kwa mdomo wake! Basi tatizo ni Kipara peke yake. Dada akijifungua lazima kutakuwa na sherehe, na safari hii naanza mapema. Wacha niende sasa. Foleni ya dawa imeanza, na nataka kusimama nyuma ya yule babu wa kikohozi. Akishaanza kukohoa, Sista anamshughulikia yeye, mdomo wangu hautazamwi na mtu.