Wageni Ishirini wa Bi Madhuben

Jumatatu, 9 Juni. Ukungu ziwani, baadaye jua.

Habari mbaya. Jayesh, mpwa wa Bi Madhuben anayeendesha hoteli yetu, anakuja Alhamisi kutoka Mwanza kuikagua. Akiikuta tupu, ataifunga. Mama ndiye mpishi na tunalala nyuma ya jiko. Ikifungwa tunahamia Muleba kwa mjomba, na shule yangu ya hapa basi!

Wageni waliopo: mmoja, tena anafunga begi. Simlaumu. Vyumba havina namba, vina majina ya marehemu wa ukoo. Alipewa Chimanlal, akalala chini ya picha ya Chimanlal aliyenuna. Ngazi ya pili inaishia ukutani.

Jumanne, 10 Juni. Mawingu.

Mpango tayari. Wageni bandia ishirini! Binamu yangu Joviana anasema kumi wanatosha. Joviana hana upeo. Kina mama wa chama cha kuzikana cha mtaa wa Kahororo wamekubali, mradi walishwe. Mwenyekiti wao, Ma Rosalina, aliuliza wakaeje. Nikasema kimya, kwa heshima.

Alhamisi, 12 Juni. Manyunyu.

Kasoro ndogo. Bi Madhuben alikwenda kung'oa jino na funguo zote kiunoni. Kina mama wakakosa vyumba. Wasilowe, wakafunga turubai la chama uani, wakatandika mikeka, wakawasha moto, wakainjika ndizi. Wakakaa kimya, kwa heshima.

Saa nne mtaa mzima ulikuwa uani. Mzee Kahigi kinyozi alileta mkungu. Mashimba, mvuvi wa kisiwa cha Goziba, alileta sangara, akalia: mtumbwi wake ulipozama, Bi Madhuben alimlaza bure mwezi mzima. Nikamweleza Mzee Kahigi kwamba hakuna aliyekufa. Akanishika bega. Pole, waitu, mwenzetu, akasema, hata yeye alikataa kuamini alipofiwa na mama yake.

Jayesh akafika. Akaona turubai, akaketi chini na suti yake, akalia kwamba hajampigia shangazi simu tangu Pasaka.

Ndipo Bi Madhuben akaingia, shavu limevimba.

"Nani amekufa?" akauliza. "Mbona mimi sijaambiwa?"

Ijumaa, 13 Juni. Jua kali.

Haifungwi! Jayesh amesema hawezi kufunga nyumba inayoliliwa hivi. Ametoa mwaka mmoja, ila anataka kuona wageni wa kweli. Adhabu ya Mama: nimenye ndizi zote za rambirambi, mikungu kumi na minne. Joviana alikuja kunicheka. Nikampa kisu.

Nimetafakari. Kosa lilikuwa turubai. Mwezi ujao tutafanya harusi. Harusi haimchanganyi mtu, na wageni wa mbali lazima walale. Bwana harusi ni Riyadhi wa duka la simu, bado hajui. Bibi harusi ni Bi Madhuben, naye bado. Ma Rosalina ameahidi watu arobaini.

Nalala sasa, saa tano kasoro dakika saba.