Nilivyompikia Imdad Sai Bhaji

Leo nimepatikana. Tena mchana kweupe, siku ya Ijumaa.

Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za nje, napunga upepo. Wengine wenu mko Jeddah, wengine mko hapa hapa Riyadh, na najua habari itawafikia tu. Bora muipate kwangu mwenyewe.

Mnamjua Imdad ninayekaa naye, angalau kwa picha. Msindhi, mtu wa Pakistani, anaendesha foklifti kwenye ghala letu kule Al-Sulay. Mimi natunza stoo. Tulipoletwa huku kundi zima la wageni, tumeshika bahasha zetu kama watoto wa shule, Imdad ndiye aliyenionyesha pa kununua laini ya simu, nani wa kumuuliza habari za ikama, kile kibali cha kuishi, na msimamizi gani wa kumkwepa asubuhi. Si mtu wa maneno. Tunaongea Kiarabu chetu cha ghalani, nusu yake Kiurdu, kilichobaki ni mikono.

Wiki mbili zilizopita akashikwa na homa ya matumbo. Akalazwa, akatoka, amebaki mifupa. Chakula hataki. Nimempa uji, kaukoroga kaurudisha. Nimempa supu ya kuku, kageukia ukutani. Daktari kasema asipokula atarudi hospitali. Jana akatamka kitu kimoja tu: "Sai bhaji."

Hiyo ni mboga ya kwao nyumbani. Mchicha, dengu na mboga nyingine zote unazozijua, chungu kimoja, halafu unaponda.

"Kesho nakupikia," nikamwambia.

"Unaijua?"

"Si mboga tu? Mimi mtu wa Tanga bwana!" (Sijui Tanga iliingiaje hapo.)

Basi leo saa nne na nusu asubuhi Imdad akanipa simu yake, kampigia mama yake kwa video. Yeye humwita Amma, nami nikamwita Amma. Mama mtu mzima, mtandio kichwani, amekaa kwenye kitanda cha kamba, nyuma yake bibi kizee na watoto wawili. Akasema maneno mengi. Imdad akanitafsiria akiwa ameegemea mlango: "Amma anasema kuanzia leo wewe ni mwanawe. Anasema mimi ameniweka mikononi mwako. Mfuate yeye tu."

Kisha akameza dawa, akaenda kulala.

Nikabaki na Amma. Hajui Kiarabu, mimi sijui Kisindhi. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikachomeka spika za masikioni ili kelele zisimwamshe mgonjwa, kazi ikaanza. (Jiko letu halina kiyoyozi. Nilikuwa kifua wazi na msuli kiunoni. Simu nilishaielekeza kwenye sufuria, siyo kwangu. Ndivyo nilivyodhani.)

Mchicha alinioshesha mara nne! Kila nikitaka kuutia kwenye sufuria, anapiga kelele, ananionyesha bomba. Shibiti, yale majani membamba kama nyuzi, nikazikata vibaya, akajipiga paji la uso. Dengu nilikuwa nimeziloweka usiku, hapo akanyoosha kidole gumba. Kiazi, karoti, bilinganya, nyanya, kitunguu, manjano kidogo, maji kidogo. Vyote ndani. Akabana vidole viwili: moto mdogo. Nikapunguza. Halafu akazungusha mkono hewani, mara tatu. Nikaelewa: iache, mshale wa saa uzunguke.

(Kumbe alikuwa anasema: koroga.)

Mara skrini ikawa nyeusi tii. Kwenye masikio nasikia mikwaruzo tu. Nikaigonga gonga simu, nyeusi vile vile. "Halas, laini imekata," nikasema. Nikazivua spika za masikioni nikazitupa hapo mezani, waya umechomekwa bado. Adhana ikaanza. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaiacha sufuria kwenye moto mdogo, nikafunga mlango wa jiko, nikaenda Ijumaa.

Khutba ilikuwa ndefu. Sisemi zaidi.

Niliporudi, harufu nikakutana nayo kwenye ngazi. Nikapanda mbio. Jikoni moshi umejaa hadi darini, sufuria inapiga chafya. Nikazima gesi, nikafungua madirisha, nikafunua. Juu kijani, katikati kahawia, chini lami. Nikaonja. Nilionja nini! Nikachungulia chumbani, Imdad yuko salama, anakoroma taratibu, mlango wake ulikuwa umefungwa.

Kwa simu yangu nikampigia dada Mwanahamisi. Mnamjua, yule wa Mombasa, mpishi wa nyumba moja kule Ruwais.

"Dada, imeungua."

"Yote?"

"Yote."

"Weye Shomari, wampikiaje mtoto wa watu mgonjwa nawe wenda msikitini?" Akashusha sauti, maana madam wake alikuwa karibu. "Sikiza. Hapo kwenu hakuna mkahawa wa Wapakistani?"

"Upo, mtaa wa pili."

"Basi enda kanunue mchicha wao, utie kwenye sufuria yako, uponde ponde. Nani atajua?"

(Dada Mwanahamisi, sikulaumu. Nataka tu watu wajue wazo lilitoka wapi.)

Nikaenda. Nikanunua mchicha kwenye vikopo viwili vya plastiki. Nikarudi, nikatoa sufuria nyingine safi, nikamimina. Ulikuwa laini mno, wa kimgahawa, unang'aa kwa mafuta. Nikachukua kiazi kimoja kilichonusurika kule juu ya lami, nikakiponda ndani, uonekane una historia. Vikopo nikavisukumia chini kabisa ya ndoo ya taka, nikavifunika kwa maganda ya vitunguu. Kanzu nikaivua, nikarudi kwenye msuli, nikajipaka kijani kidogo mkononi na nikajinyunyizia maji usoni yawe jasho.

Halafu nikafanya mazoezi. Nilisimama katikati ya jiko, sahani mikononi, kichwa nimekiinamisha upande, nikasema kwa sauti ya uchovu: "Imdad, ndugu yangu. Nimehangaika, lakini kula." Sikuridhika. Nikarudia. Mara ya tatu ikatoka vizuri, nikatabasamu mwenyewe.

Imdad akaamka. Nikampelekea. Akakaa kitandani, akakata kipande cha mkate, akachota, akala. Akachota tena. Akanitazama.

"Umepika wewe?"

"Kwa mkono huu." Nikamwonyesha mkono wenye kijani.

"Mungu akubariki," akasema. Akala tonge la tatu, polepole. "Niletee simu. Tumshukuru Amma."

Nikaenda jikoni, nimejaa furaha. Simu ipo pale pale kwenye kopo la sukari. Nikaichukua, nikarudi nayo chumbani, skrini bado nyeusi. Lakini juu, pembeni kabisa, kuna tarakimu ndogo nyeupe. Saa mbili, dakika hamsini na moja, sekunde kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Nikasimama.

Laini haijakatika muda wote huo, jamani!

Nikiwa bado naitazama, skrini ikawaka. Umeme umerudi kwao. Ile nyeusi yote ilikuwa chumba chao cha ndani, madirisha wameyafunga kwa ajili ya joto, na umeme ulipokatika wakabaki gizani. Sasa taa imewaka nawaona. Amma mbele kabisa, pua yake inakaribia kugusa kioo. Bibi kizee. Watoto, wamekuwa watano. Mwanamume mwenye masharubu, wanawake wawili, na mtu mmoja amesimama na baiskeli, sijui kaingia nayo vipi. Nikahesabu kumi na moja pamoja na wa baiskeli. Vinywa vyote vinacheza, sauti hakuna.

"Mbona siwasikii?" Imdad akauliza. Akachomoa waya.

Kelele iliyotoka hapo sijawahi kuisikia ghalani hata siku mashine mbili zilipogongana.

Imdad akasikiliza. Akasikiliza sana. Uso wake ukabadilika, akawa ananitazama mimi na sahani kwa zamu. Mwishowe akainua mkono, wakanyamaza, akaanza kunitafsiria taratibu.

"Amma anasema alikuona unaondoka. Akaita, hukusikia. Akaiona sufuria inakauka. Akaita. Ikaanza kutoa moshi. Wakaita wote. Wakaenda kuchukua majirani waje wasaidie kuita." Akaiweka sahani pembeni. "Anasema nusu saa nzima aliutazama ule moshi, na anajua mimi nimelala chumba cha pili, na simu yangu ndiyo hiyo hiyo, hana wa kumpigia."

Hapo hakuna aliyecheka, hata watoto. Amma alikuwa amekamata mtandio kwa mikono miwili, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, imebaki kama karatasi inayochanwa. Mimi muda wote nahangaika na uongo wa mchicha, nahesabu maganda ya vitunguu ya kufunikia vikopo. Kumbe kuna mama wa watu yuko mbali huko anautazama moshi na mwanawe yuko ndani.

Neno la kuomba msamaha kwa Kiurdu ninalo moja tu. Nililisema mara nne, nimesimama na msuli wangu. Amma akanitazama. Kisha akasema kitu kifupi.

"Anasema usirudie."

"Sirudii."

"Anasema anashukuru uliporudi ulikuja kwanza kunichungulia mimi, kabla ya kupiga simu. Alikuona ukipita kwenda huku."

Nikadhani yameisha. Bibi kizee naye akanyoosha kidole, akauliza swali. Imdad akaanza kutetemeka mabega.

"Bibi anauliza, yule mwanamke uliyekuwa unaongea naye kwenye simu ndiye mkeo? Kwa sababu ulikuwa unamwogopa."

Wakapasuka! Kumi na moja wote, na wa baiskeli akaiangusha baiskeli.

"Na anauliza," Imdad anafuta machozi, "ile uliyokuwa unaisema peke yako na sahani, mara tatu, ilikuwa dua ya chakula? Wao waliitikia amina."

Ardhi ya Riyadh ni ngumu, haipasuki. Nilijaribu.

Nikamgeukia Imdad. "Na wewe? Hukujua?"

"Nilijua tonge la kwanza. Nyumbani hatutii krimu."

"Sasa kwa nini uliendelea kula?"

Akainua mabega. "Ulitoka na jua hili kwa ajili yangu."

Amma hakunipa nafasi ya kujibu. Alishasogeza kitanda karibu, ameshampangia kila mtu pa kukaa, na alikuwa anaelekeza kidole jikoni. Yalla. Upya.

Mchicha ulibaki fungu moja, dengu hazikuwa zimelowekwa, ikabidi zichemshwe kwanza peke yake. Imdad akaletewa kiti mlangoni, akawa mkalimani. Nimepika mbele ya watu kumi na moja, kila mmoja ana maoni. Mwenye masharubu anataka kitunguu kiongezwe. Bibi anasema kisu nakishika kama seremala. Nikipumzisha mwiko wanaimba kwa pamoja neno moja la Kisindhi, na sasa naijua maana yake: koroga. Mwisho nikakaanga vitunguu saumu kwenye mafuta kidogo, nikamwagia juu, vikalia chwaa! Nikaponda mpaka mkono ukafa ganzi.

Haikuwa nzuri sana. Chumvi ilizidi na dengu zilikuwa na ubishi. Imdad akala sahani moja, akaomba nyingine, akaikomba. Tangu atoke hospitali sijamwona akikomba sahani. Amma alikuwa anamtazama anavyotafuna, na safari hii hakuna aliyeongea mpaka alipomaliza.

Ameshalala tena sasa. Ijumaa ijayo nimepangiwa bamia na vitunguu, saa nne kamili asubuhi kwa saa zetu, na nimeambiwa shangazi wawili waliokosa leo watakuwepo.

Kwa hiyo, wapendwa, nawaomba kwa heshima zote: mkishindwa kujizuia, chekeni kidogo kidogo. Kwa Kisindhi nimeshachekwa cha kutosha, Kiswahili nakiomba kinihurumie.