Shikamoo kwa Kanga ya Luisa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeshtuka hadi chai imemwagika. Binti yangu Asteria kapiga simu kutoka Mbinga. Anashuka Alhamisi. Eti tuna jambo la kuzungumza kuhusu hali yangu. Hali gani? Sina hali yoyote!

Nina miaka sabini na moja. Karani mstaafu. Mgane. Nyumba yangu mwenyewe hapa Mbamba Bay, hatua sitini kutoka majini, nimezihesabu. Macho yana ukungu kidogo. Ni ukungu wa ziwa, kila mtu anao.

Nimemweleza jirani yangu Tobias, mwalimu mstaafu, rika langu. Akasema hilo jambo analijua: wanakuja kunichukua. Mzee akianza kugonga milango, watoto wanamhamisha. Akanikumbusha Raimundi, aliyechukuliwa na mwanawe hadi Kitai. Sasa anashinda barazani akisikiliza mabasi. Nimeduwaa. Mimi nikaishi Mbinga? Kwenye baridi ile, nivae sweta mbili mwezi wa nane? Sitoki hapa!

Tobias mwenyewe alipasuliwa macho mwaka jana, yote mawili, mtoto wa jicho. Tangu siku ile hatuna amani. Anakaa ufukweni akisoma majina ya mitumbwi kwa sauti. Anasoma hadi tarehe kwenye pakiti za biskuti. Leo kanishauri na mimi nikapasuliwe. Nimemjibu kwa ukali kwamba macho yangu ni mazima kuliko yake. Kumbe nilikuwa nakaripia nguzo. Yeye alishahamia kivulini.

Naandika kwa maka peni, herufi kubwa. Sisomi niliyoandika. Sina haja, nilikuwepo.

Jumanne, 5 Agosti

Nina mpango. Asteria akija ataona mzee anayeona.

Nimefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, juu kidogo, kama ya kuanikia nguo. Nitatembea nikiigusa kwa kidole kimoja tu, kwa madaha.

Tatizo ni watu. Siku hizi nyuso zote zimekuwa kama uji. Lakini nimegundua jambo, na nashangaa mwenyewe jinsi nilivyo na akili. Mdogo ndiye anayeamkia! Nikikaa kimya, kila mpita njia ataniamkia, nami nitamtambua kwa sauti. Marahaba, Hamphrey. Marahaba, Tunu, baba yako hajambo? Mtaa mzima utaamini naona hadi Malawi.

Nimejaribu jioni. Shikamoo kumi na nne, sikukosea hata moja! Tobias kaniuliza mbona natembea nimeinua kidevu kama askari. Wivu tu huo.

Alhamisi, 7 Agosti

Asteria kafika na gari la saa saba. Kaniamkia, nikaitikia nikimtazama usoni. Baadaye nikabaini nilitazama begi lililokuwa kichwani kwake.

Ni muuguzi wa zahanati, basi macho yake yanapita kila mahali. Kauliza kwa nini kamba haina nguo. Kauliza kwa nini kopo la sukari lina chumvi. Nikasema ndivyo ninavyopenda. Ikabidi ninywe chai ile yote mbele yake. Jamani! Bado nina kiu.

Mara tatu kaanza kusema, baba, kuhusu hali yako. Mara tatu nimeanza kuimba tenzi, beti zote. Kwa kulelewa vizuri, hawezi kumkatiza baba yake katika sifa za Mungu. Dawa imepatikana.

Kauliza daftari hili ni la nini. Nikasema ni mambo ya kanisa. Akasema sawa. Si mtoto wa kupekua mambo ya watu. Nimeliacha mezani.

Ijumaa, 8 Agosti, Nanenane

Aibu! Sijawahi kupata aibu kama hii tangu nizaliwe.

Asubuhi kaja Bibi Rosina. Ana miaka themanini na minne, ndiye mtu pekee mtaani aliyenizidi kwa mbali. Alinibeba mgongoni mwake nikiwa mchanga. Nilimsahau kabisa kwenye mpango! Akamshtakia Asteria, huku mimi nasikiliza, kwamba siku tatu nampita mlangoni kwake bila shikamoo. Jana, akasema, nilisimama mbele yake nikainua kidevu na kusubiri. Nikisubiri yeye aniamkie mimi! Akauliza nimepata cheo gani.

Nikapiga goti papo hapo, nikampa shikamoo ya heshima zote. Asteria akanishika mabega, akanigeuza taratibu. Bibi Rosina alikuwa upande wa pili.

Basi nikabadili mpango. Kuanzia leo namwamkia yeyote aliyesimama. Bora kuzidisha heshima kuliko kuipunguza.

Jioni tukatoka kunyoosha miguu. Uani kwa Luisa, yule mama lishe kijana, nikaona mtu mrefu kasimama, kavaa kanga. Nikasema shikamoo. Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa. Kimya. Nikainama, nikamuuliza magoti yake yanaendeleaje na baridi hii. Akatikisika kidogo. Nikasema pole sana, mama.

Ilikuwa kanga yenyewe. Kwenye kamba. Luisa alikuwa pembeni na beseni, kashika mdomo. Naye Tobias, ambaye Mungu humleta kila ninapoumbuka, akasogea na kuyasoma maandishi ya kanga ile kwa sauti, hadi nukta ya mwisho.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Asteria hakucheka. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alinishika mkono njia nzima ya kurudi, nami nikaimba.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko hai. Nashangaa.

Jana kabla ya kulala Asteria alisema kwamba asubuhi atanipima presha, ana mashine kwenye begi. Nilishtuka! Vidonge vya presha nilipewa tangu mwezi wa sita, na mimi humeza siku kichwa kinapouma tu. Mwili ukizoea dawa kila siku si unadeka? Kichwa hakijauma muda mrefu. Kopo limejaa.

Basi alfajiri, kabla hajaamka, nikameza vinne kwa mpigo, nilipe siku zilizopita. Nikatoka nje kunyoosha viungo. Alipotokea na mashine yake, nikainuka kwa haraka kwenye kigoda, aone nilivyo na nguvu. Dunia ikazunguka. Nikaenda, nikaenda, nikaangukia kichanja cha Luisa alichoanikia usipa, vile vidagaa vya ziwani. Nimeamka na usipa masikioni. Nilimsikia binti yangu akipiga kelele, sauti sijawahi kuisikia kwake, hata siku ya msiba wa mama yake.

Kituo cha afya kutwa nzima. Miguu juu, mashine mkononi kila baada ya muda. Asteria alikuwa na hasira mpaka maneno yakawa mafupi. Dawa ya presha ni kila siku, kimoja, kichwa kiume kisiume. Presha haina kelele. Siku iliyopita hailipwi. Mwili wa mzee hautoi dawa haraka kama wa kijana, ndiyo maana nilianguka. Tena mzee akae kwanza kitandani, ndipo asimame. Nyonga ikivunjika katika umri huu, wengi hawatembei tena. Nikamwambia usipa ulikuwa laini.

Kisha daktari akanimulika macho kwa tochi. Akasema mtoto wa jicho, pande zote mbili, amekomaa. Nikakataa. Akaniuliza ananionyesha vidole vingapi. Nikasema vitatu, bila kusita. Akasema bado hajainua mkono.

Jumapili, 10 Agosti

Yamenifika. Asteria kasema kesho asubuhi tunapanda Mbinga. Akataka kunieleza zaidi, nikaimba utenzi mzima na kuurudia. Sitaki kusikia maneno yenyewe.

Nimefunga mlango wa nyuma. Ufunguo nimeuficha kwenye soksi. Nimeenda majini, hatua sitini, nikakaa. Ziwa silioni siku hizi, ila nalisikia. Nikafikiri, huko juu nitasikia nini? Watu wasionijua na mvua kwenye mibuni.

Nimelia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatano, 13 Agosti, Mbinga

Nina sweta mbili. Na nimepasuliwa jicho la kulia!

Jana walinifikisha hospitali, muuguzi akasema kazi yenyewe ni muda mfupi tu, ganzi jichoni, wanatoa lenzi iliyoharibika, wanaweka nyingine. Nilikubali mara moja. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mtu anayeona anaweza kutoroka.

Leo wametoa bandeji. Mungu wangu! Nani kaipaka dunia rangi? Nilikaa naangalia ndoo ya bluu mpaka mgonjwa wa jirani akaniuliza kama nataka kuinunua. Kisha nikaangalia mikono yangu. Ya babu yangu, kabisa.

Halafu Asteria akaingia. Ana mvi! Mwanangu ana mvi pande zote mbili, na mikunjo chini ya macho. Tangu lini? Nimeshtuka kuliko siku ya kichanja. Akaniuliza namtazama nini. Nikasema nautazama ukuta.

Nimelala kwake. Vyumba viwili. Wajukuu wanalala sebuleni, nami kochi. Nimezunguka nikikagua kwa jicho jipya. Chumba cha kunihamishia sikukiona.

Jumanne, 19 Agosti, Mbamba Bay

Nimerudishwa nyumbani! Jana, na begi langu, na dawa za matone, na onyo nisiliguse jicho. Ufunguo umeacha alama mguuni.

Leo nimefungua daftari hili kulisoma kwa mara ya kwanza. Nusu ya mistari imepandana. Hilo si kitu. Pembeni mwa kurasa kuna maandishi mengine! Madogo, ya penseli. Nikalisogeza daftari dirishani. Mwandiko wa Asteria. Amesoma tangu Alhamisi!

Jumatatu, ukurasa wa kwanza: Shikamoo baba. Jumanne: Kamba ilikuwa inalegea, nimeikaza. Alhamisi: Sukari halisi iko kopo la kijani. Tena nilitaka kukueleza kilichonileta, ukaanza kuimba. Ijumaa: Shikamoo baba. Jumamosi, penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka: Hili la vidonge hukuliandika mapema. Ningejua, ningeficha kopo.

Jumapili imeandikwa kirefu, hadi pembeni imejaa: Nimesoma, nami nimelia. Sijaja kukuhamisha. Chumba chenyewe sina, na hata ningekuwa nacho, ningekuchukuaje ziwani? Nilikuja kukupeleka ukafanyiwe macho kabla orodha haijajaa. Ni hilo tu. Nimekuandikia shikamoo mara mbili humu, hujaitikia hata moja.

Nimekaa na daftari mapajani mpaka chai imepoa. Kisha nikachukua maka peni, nikaandika chini ya kila moja: Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Mchana kapiga simu. Kidonge nimemeza? Nimemeza. Kimoja? Kimoja. Jicho la kushoto ni mwezi wa kumi, na siku hiyohiyo watanipima masikio. Masikio! Nimeshtuka hadi simu imeanguka. Sina tatizo lolote la masikio. Ni watu wa siku hizi wanaongea ndani ya mashati yao.

Mpango wangu ni huu: kwa kuwa sasa naona, nitawasoma midomo. Nimejaribu kwa Tobias. Nimemwitikia mara saba kabla sijagundua kwamba alikuwa anatafuna karanga. Ni suala la mazoezi tu.

Ila safari hii nimekuwa makini. Mpango huu asiujue mtu, hasa Asteria. Daftari siliachi mezani tena, lazima nilifiche. Nimempigia Asteria kumuuliza mahali pazuri pa kuficha daftari. Kasema kabati la jikoni, nyuma ya kopo la kijani.

Mtoto ana akili yule. Nimeliweka hapohapo.