Tangazo Chini ya Tanzia

Jumatatu, 3 Machi

Historia imeandikwa leo! Jukwaa langu la mtandaoni, Chanika Yetu, linaanza kupokea matangazo. Miaka yote watu wanakuja humu kulalamikia barabara bure, kama wako kibarazani kwa mama yao. Sasa basi. Herieth, msimamizi wetu, anayefuta matusi ya watu bila kulipwa, kasema wanachama wataudhika. Nikamwambia hana maono. Akajibu, sawa bosi. Hilo "bosi" sijalipenda.

Jumatano, 5 Machi

Mteja wa kwanza! Akbar wa Gongo la Mboto, mkodishaji wa maturubai, viti na muziki wa sherehe. Tangazo nimetunga mwenyewe: HONGERENI KWA SHUGHULI! LETENI VIUNO, SPIKA TUNAZO! Halafu nikafanya ujanja wa kitaalamu. Mtu yeyote akiandika neno turubai au viti, tangazo linajitokeza lenyewe hapo chini. Jonas, mwenye lile grupu la WhatsApp, anayesema jukwaa langu ni la wastaafu, atajiju.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu. Baba yake Herieth amefariki. Mzee Petro! Ndiye aliyenifundisha pikipiki, akinicheka kila nilipoanguka. Nimelia kweli, sioni aibu.

Herieth akaweka tanzia jukwaani. Mazishi kesho, turubai limeshafungwa, viti havitoshi. Na chini yake, kwa herufi za kumeremeta: HONGERENI KWA SHUGHULI! Kila aliyetoa pole na kuahidi viti, likatoka tena. Leteni viuno! Nikakimbilia kulifuta, nywila nimesahau. Kufika jioni wanachama wote wamehamia kwa Jonas. Jonas kanitumia picha ya mshumaa. Mshenzi yule. Herieth kaandika mstari mmoja tu, kwamba ameacha usimamizi.

Jumamosi, 8 Machi

Bila Herieth sina jukwaa, nina matusi matupu. Lakini asubuhi nikapata wazo. Mie Mngoni, wao Wahehe. Watani! Na mtani msibani hakasirikiwi.

Nikaenda. Nikawapa wazee shikamoo zao, nikajilaza chali mlangoni, nikatangaza kwamba lile tangazo lilikuwa utani wangu kwa marehemu, na jeneza halitoki hapa mpaka nipewe jogoo. Wakacheka! Hata Herieth, na macho yake mekundu vile. Nikajua nimepona.

Ndipo shangazi yake, Bi Demetria, akauliza huyu ni mtani gani anayelala wakati watani wenzake wako jikoni tangu alfajiri. Loo! Nikainuliwa, nikapelekwa kwenye masufuria ya msiba, yale ambayo mtu mzima anaenea ndani, ukoko umeganda. Nimesugua kwa majivu na mchanga, nimeinama, waombolezaji wote wananitazama. Nikanyooka kidogo kupumzika. Bi Demetria akapita akasema, si ulitaka viuno? Haya, lete chako.

Jumanne, 11 Machi

Herieth kaja nyumbani. Kasema baba yake angeliona lile tangazo angecheka mpaka apaliwe, na kwamba tangu siku ile ya msiba hajacheka tena. Anarudi, kwa sharti moja: jukwaani hakuna tangazo tena. Nikaapa. Haki ya Mungu, jukwaani hakuna tangazo tena! Tukalia kidogo, wote wawili. Wanachama wameanza kurudi, wa barabara wakiwa wa kwanza.

Alipoondoka nikakaa, nikatafakari. Pale msibani, nikisugua masufuria, hakuna aliyekuwa anaangalia simu. Hata mmoja! Wote walikuwa wanaangalia mgongo wangu. Mgongo mpana, mtupu, hauna hata neno moja. Na mie nimeapa habari za jukwaani tu.

Arobaini ya mzee nimeshaomba masufuria yote nioshe mimi. Herieth kashukuru sana, karibu alie tena. Akbar anashughulikia fulana.