Jina Langu Chini ya Mzungu Mchonga Shaba

Jumatatu, 9 Juni 1997
Shamba la chai limeuzwa. Keshokutwa anakuja karani kutoka Dar kuorodhesha kila kitu cha nyumba kubwa, niliyoitunza miaka kumi na tisa. Vitanda sivitaki. Nataka picha ya ukumbini: mzee wa Kizungu ameinamia bamba la shaba, analichonga kwa kalamu ya chuma. Mgeni mmoja aliwahi kusema kwao ingenunua Landrova. Venance mpishi naye alisikia. Tangu hapo kila siku anaipangusa vumbi. Mnafiki!

Jumanne, 10 Juni
Msibani Kisondela. Akina mama wawili waligombea sufuria. Mmoja wao, Veronika, akaigeuza: jina lake limechongwa kitakoni. Kesi kwisha! Nimerudi mbio.

Chini ya picha kuna kibati. Maandishi yamefutika kwa kusuguliwa, umebaki mwaka tu, 1868. Nikakifungua, nikakipeleka mjini kwa Mrisho, fundi wa kuchonga majina kwenye sufuria. Kusikia kwamba wa pichani ni fundi mwenzake, akakataa malipo. Kaandika jina langu: Gwakisa Mwaipopo. Mwaka nikamwambia auache. Unaongeza heshima.

Jumatano, 11 Juni
Karani kafika. Anaitwa Hasheem, kijana wa miwani, hacheki. Akasoma kibati, akaandika. Nilisimama kando, kifua mbele. Venance akataka kusema neno, karani akamnyamazisha. Raha iliyoje!

Ijumaa, 13 Juni
Majina ya wanaobaki kazini yamebandikwa. Langu halimo. Nikamfuata karani. Akasema Gwakisa Mwaipopo ni fundi aliyechorwa mwaka 1868, na kuna wajanja wanakula mshahara wake. Mfanyakazi hewa! Nikamwuliza ameona wapi Mzungu anaitwa Mwaipopo. Akasema yeye anafuata kilichoandikwa. Nikasema Gwakisa ni mimi. Basi, akauliza, nani kachonga jina hilo kwenye mali ya shamba? Nikikiri, mwizi. Nikikana, marehemu. Nikaondoka. Nimeumia sana.

Jumapili, 15 Juni
Venance kapewa funguo za nyumba, na chumba chetu cha uani. Tusekile, mke wangu, hasemi nami tangu juzi. Tumehamia kwa baba yake, Isongole, kulima viazi. Mzee katupokea vizuri, kanionyesha na pampu yake ya kupulizia dawa. Mpya kabisa.

Nimewaza sana. Kosa lilikuwa ule mwaka. Kesho naipeleka pampu kwa Mrisho, aandike jina langu tupu, bila mwaka.